Thadeo Aliyetafsiri Tu

Thadeo alizaliwa Vidunda, juu mlimani, kwenye mashamba yaliyoinama hadi mtu akipalilia anajishikiza kwa jembe asiporomoke. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani namchukia kwa sababu ya kwao. Kwao hakuna ubaya. Baba yake alikuwa mkulima wa maharage, mtu mpole, na kila aliposhuka Mikumi siku ya mnada alikula kwangu na kuniulizia watoto kwa majina. Ubaya wa Thadeo ni wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyeulipia, kwa hiyo mimi ndiye ninayestahili kuusimulia.

Mimi Mwanasha sikwenda shule. Anayeandika hapa ni Lightness, binti wa jirani yangu, na nimemwapisha aandike nilivyosema, asilainishe neno, kisha anisomee. Akilainisha, namwambia arudie. Nina sababu ya kuwa hivyo, na sababu hiyo inaitwa Thadeo.

Kwetu ni Mabwerebwere, Kilosa mjini. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge. Mashamba yalipobadilisha wenyewe na watu kupunguzwa kazi, alirudi nyumbani na blanketi na sufuria, akakaa kimya kibarazani mpaka mauti yakamkuta. Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa serikali haiwezi tena kumbeba mtu mgongoni, kila mwenye mikono afungue chochote. Nikahamia Mikumi, pembeni ya barabara kuu, nikafungua mgahawa. Wali kwa maharage, ndizi, samaki wa kukaanga, chai. Biashara iliposhika nikajenga vyumba vya wageni nyuma, na choo cha kuvuta maji.

Thadeo naye alifungua chake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akapotelea Morogoro kidogo, akarudi na kompyuta, akapanga chumba mkabala na mgahawa wangu, ubavuni mwa Kondo kinyozi. Mlangoni alitundika ubao aliouchora mwenyewe kwa rangi ya bluu: Intaneti na Tafsiri. Alivaa tai katika joto la Mikumi, joto linaloyeyusha mafuta ya nazi kabatini. Alizungumza Kiingereza kama redio. Lakini heshima alikuwa nayo. Asubuhi alivuka barabara, akainama, "Shikamoo mama," na mimi, "Marahaba mwanangu," nikimwekea ukoko wa wali kwenye kisahani kwa sababu aliupenda kuliko wali wenyewe. Nilimpenda. Lightness, liandike hilo, usiliruke.

Katika wageni wangu alikuja Nancy, Mmarekani, aliyeletwa kufundisha shule ya msingi. Alikuwa na alama nyekundu ya kuzaliwa, imeshika shavu zima kama mtu aliyemwagiwa maji ya rozela. Aliziachia nywele ziifunike. Alikula ameinama, akicheka aliweka mkono shavuni. Siku moja tunachambua mchele uani, nywele zinaanguka kwenye ungo, nikachana kipande cha kanga kuukuu nikamfunga nywele nyuma. "Zitaingia kwenye mchele wangu," nikamwambia. Hakuzifungua. Tangu hapo akiingia uani kwangu alizifunga, akitoka barabarani alizifungua, kipande cha kanga akakiacha kwangu. Sikumwuliza, wala hakuniambia. Nilielewa kwamba uso wake ulikuwa na nyumba moja tu duniani ya kupumzikia, nayo ilikuwa yangu.

Alirudi kwao. Huko alikuwa na kundi la wenzake waliowahi kujitolea nchini mwetu, Wamarekani, Waingereza na wengineo, wanaoandikiana kwa kompyuta. Anachoandika mmoja wanakisoma wote. Nancy akawaambia habari zangu, nao wakaanza kuja. Wakifika Mikumi walilala kwangu. Waongoza watalii walipata kazi, kina mama wa mikeka walipata wateja, na Kondo akajifunza kunyoa nywele laini.

Kisha Nancy akaandika kwamba anakuja na mama yake mzazi. Thadeo alinisomea: anauliza kama kwa Mama Mwanasha bado kuna nafasi ya wageni wawili. Nilicheka. Nikamwambia Thadeo, "Mwambie hivi: yeye si mgeni tena. Yeye ni mtu wa nyumbani."

"Hivyo tu, mama?"

"Hivyo tu. Ataelewa."

Akagonga gonga vitufe vyake, akajirudi nyuma kwenye kiti. "Nimeipamba, mama. Hata Malkia akiisoma atakuja kulala kwako." Akaituma kwa kundi zima, maana ndivyo zilivyokwenda barua zao.

Jibu lilipokuja alilisoma kimya. Niliona shingo ya Thadeo inatoa jasho juu ya tai.

"Anasemaje?"

"Amekasirika."

"Nani? Nancy? Kwa lipi?"

"Anasema umemfukuza. Na umemtukana. Uso wake, mama. Anasema umemtukana uso wake mbele ya wenzake wote."

Nilidhani anatania. Nikamwambia aandike kwamba hapana, aandike tena na tena. Aliandika, au alisema anaandika. Hakuna kilichorudi. Msimu uliofuata gari la wageni lilipita mbele ya mgahawa likitimua vumbi, likaenda kusimama kwenye mahema ya mtu mwingine huko mbele. Na nisingesema kitu kama njaa ingekuwa yangu peke yangu. Lakini waongoza watalii walilalamika, kina mama wa mikeka wakalalamika, na mwenyekiti wetu, Mzee Mwinshehe, akaita watu barazani kwake.

"Bi Mwanasha," akaniuliza, "ulimwambia nini yule binti?"

"Nilisema ni mtu wa nyumbani, mzee. Basi."

"Thadeo?"

Thadeo akasimama, akanyoosha tai. "Shikamoo mzee. Mimi ni kama bomba. Maji yakitoka machafu, bomba lina kosa gani? Alivyosema mama ndivyo nilivyoandika. Mimi nilitafsiri tu."

Sauti ikatoka nyuma, "Sasa bibi alisema nini hasa?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hajui. Thadeo aliangalia chini kama mtu mwenye haya, akasema, "Si vizuri kuyarudia mbele ya watu wazima."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonizika. Tusi halisi lina mwisho, watu hulisikia wakaliacha. Tusi lisilotajwa kila mtu hulijaza kwa kinywa chake. Kufika magharibi nilikuwa nimeshasema mambo ambayo hata walevi hawayasemi. Ikavuja kwamba ni habari ya uso wa Nancy, na mtaani nikaitwa Bi Sura. Dereva wa lori alikuwa akiingia anafunika uso na kofia: "Bi Sura, nipe samaki, ila usiniangalie, mimi nina mke anayenipenda hivi hivi." Mwenzake anadakia, "Mwache akuangalie, akwambie ukweli ambao mkeo anauficha." Wanacheka, wanakula, wanaondoka. Baadaye wakawa wanacheka bila kula. Wanawake niliofunga nao Ramadhani miaka yote wakawa wanapokea futari yangu kwa ncha za vidole. Na Thadeo alikuwa akivuka barabara kila asubuhi, anainama, shikamoo mama, anakula ukoko wangu.

Nilikaa na jina hilo mpaka alipokuja Bi Helen. Huyu ni Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya mbegu za mpunga kule Kilangali, mwanamke wa makamo kama mimi, Kiswahili chake amejifunza kwa vibarua wa shambani, kwa hiyo anajua kutukana na kubembeleza. Alipopita Mikumi alikula kwangu. Siku moja akasikia utingo ananiita Bi Sura, akataka kujua. Nikamweleza. Akaweka kijiko chini, akavuka barabara, akamtaka Thadeo amfungulie barua ile asome mwenyewe. Alirudi anacheka, akaniona uso wangu, akaacha kucheka.

"Mama Mwanasha, kijana aliandika kwamba Nancy si mgeni tena, kwamba ni mwanamke homli." Nalitamka nilivyolisikia kwake. "Kwetu Uingereza neno hilo ni zuri. Nyumba ikiwa homli, ukiingia unavua viatu na mawazo. Mtu akiwa homli ni mkarimu, hana makuu. Kijana alitafuta mtu wa nyumbani, akapata hilo kwenye kamusi. Na kamusi za shuleni kwenu ni zetu."

"Sasa Nancy alikasirikia nini?"

"Nancy ni Mmarekani. Kwao, ukimwita mwanamke homli umemwambia hana sura. Umemwambia kwa upole, lakini ndivyo."

Nikakumbuka kipande cha kanga. Nikakumbuka shavu lile. Nancy alikaa mbele ya kompyuta yake, huko kwao, akasoma mbele ya wenzake wote: wewe si mgeni wangu tena, wewe ni mwanamke mbaya wa sura. Na aliyesema ni mimi niliyemfunga nywele.

Bi Helen alimwandikia Nancy palepale kumweleza. Barua ilirudi. Nancy alikuwa amejitoa kwenye kundi na anwani yake ameifunga. Hata leo sijui yuko wapi.

Nilivuka barabara. Thadeo alikuwa akimfundisha kupiga taipu binti mmoja, Winnie, mtoto wa Mzee Masunga. Nikamwomba binti atupishe.

"Thadeo, neno homli ulilijua?"

Mikono yake ikasimama juu ya vitufe. "Bi Helen amekwambia."

"Ulilijua lini?"

"Mama, nilipoandika sikulijua."

"Sikuulizi ulipoandika."

Akakuna shingo. "Wiki ile ile. Kuna Mwingereza kwenye lile kundi aliuliza ubaya uko wapi, kwamba Mama Mwanasha amesifia. Mmarekani akamjibu vibaya. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, hawa wanasema ni sifa, hawa wanasema ni tusi. Mwingine akamwambia mwenzake kwamba suruali yake imechafuka, kumbe neno lile la suruali kwa Waingereza ni nguo ya ndani, ikawa vita nyingine. Wote wanazungumza Kiingereza, mama, na hawaelewani. Lakini Nancy alikuwa ameshatoka, hakuyasoma."

Alisimulia anatabasamu, kama habari ya mpira. Watu nisiowajua, ng'ambo, walikuwa wamesimama kunitetea, na mtu aliyekula ukoko wangu aliwasikia akanyamaza.

"Basi kaseme," nikamwambia. "Uliponichafua ni barazani kwa Mzee Mwinshehe. Nenda pale pale useme neno lilikuwa lako na mimi sikutukana."

"Mama yangu, elewa. Mimi nakula kwa Kiingereza. Nikisimama niseme nilikosea, nani ataniletea barua tena?"

"Na mimi nilikuwa nakula kwa nini?"

"Yameshapita hayo. Watu wamesahau. Neno ni upepo, mama."

Wakati huo huo utingo akapiga kelele barabarani, "Bi Sura, chai ipo?" Thadeo akaangalia kompyuta yake. Nikaenda kumimina chai. Kuanzia kesho yake ukoko niliwapa kuku.

Sikugombana naye tena. Nilimwitikia salamu. Mtu mwenye haraka hupika wali ukawa bokoboko, na mimi ni mpishi.

Thadeo akataka kumwoa Winnie. Mzee Masunga alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akaweka boma upande wa Kilangali. Mtu mrefu, wa maneno machache, anayeheshimiwa mnadani hata na wanaomchukia. Alikuwa na mdogo wake, Shigela, mgonjwa wa akili. Kuna wakati walikuwa wakimfunga kamba asipotee mbugani. Ilisemwa kwamba huko walikotoka watu walikataa kuoa kwao kwa kuogopa damu hiyo, na kwamba ndiyo hasa iliyowahamisha, si malisho. Mnadani kila mtu alilijua jambo hilo na hakuna aliyelitaja. Mimi pia nililijua.

Posa ilikwenda vizuri. Mzee Masunga hakukaza, alitaka mkwe aliyesoma. Thadeo akavimba. Siku moja yuko kwa Kondo ananyolewa, mlango uko wazi, mimi napita na birika, nikamsikia.

"Wakwe wanakusumbua?" Kondo akamwuliza.

"Wanisumbue wapi? Mzee Masunga ni mchizi wangu yule."

"Una bahati, mchizi," Kondo akasema, akampangusa povu.

Neno hilo lilitufikia kwa mabasi kutoka Dar. Kwa vijana, mchizi ni rafiki wa chanda na pete. Nililijua vizuri, nimewauzia chai utingo miaka mingi, wanaitana hivyo wakigawana kipande kimoja cha mkate. Lakini kwa mtu wa umri wangu na zaidi, chizi ni mwendawazimu, na mchizi hana njia ya kuwa kitu kingine. Nikaendelea na birika langu.

Siku ya mnada Mzee Masunga alikaa kwangu, fimbo kwenye mapaja, akanywa chai.

"Wewe ndiye jirani yake," akaniambia. "Kijana huyu ananisemaje nikiwa sipo?"

Hakuna aliyemtuma kuniuliza. Mungu ndiye aliyemkalisha kwenye benchi langu.

"Anakusema vizuri, mzee," nikasema. "Anasema wewe ni mchizi wake."

Glasi ikasimama hewani. "Rudia."

"Mzee Masunga ni mchizi wangu yule. Ndivyo alivyosema. Kondo alikuwepo, muulize."

Kondo aliitwa, akaja na mkasi mkononi. Akaulizwa: amesema, hakusema? "Alisema, mzee, lakini..." Lakini ya Kondo haikungojwa. Mzee Masunga alishaweka glasi chini taratibu, akachukua fimbo yake.

Thadeo alinijia bila tai. Ndiyo mara ya kwanza kuiona shingo yake yote, nyembamba kama ya kuku wa kisasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, Mzee Masunga amevunja posa. Anasema nimeutukana ukoo wake, nimewaita vichaa. Mama, wewe unajua mchizi maana yake nini."

"Niambie wewe uliyesoma."

"Ni rafiki. Ni mtu wangu wa karibu kabisa, kama ndugu."

"Mtu wa nyumbani," nikamwambia.

Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Nifanye nini, mama?"

"Mwombe Mzee Mwinshehe awaite watu barazani, na Mzee Masunga awepo. Uanze na langu. Ukimaliza, nitaulizwa lako."

Alifanya. Watu walijaa hadi barabarani, maana harufu ya mambo ilishafika. Thadeo alisimama pale pale aliposimama zamani, akasema yote: kwamba nilisema mtu wa nyumbani, kwamba neno alilichagua yeye, kwamba kwa Waingereza ni sifa na kwa Wamarekani ni tusi, kwamba alilijua kosa lake wiki ile ile akalificha. "Mama Mwanasha hakumtukana mtu," akasema. "Neno moja linaweza kuwa jema mahali hapa na baya mahali pengine. Msemaji anaweza kuwa na nia safi."

Nikawaangalia mmoja mmoja. Wale wa futari waliangalia miguu yao. Dereva wa kofia aliivua.

Mzee Mwinshehe akanigeukia. "Bi Mwanasha, pole. Baraza hili limekukosea. Sasa tusaidie tumalize. Wewe unakaa na vijana kila siku. Hili neno mchizi, ni kweli kwao lina maana ya rafiki?"

Thadeo aliniangalia kwa macho ya mtoto anayengoja ukoko. Mzee Masunga naye aliniangalia. Alikuwa tayari kuamini. Naapa, alikuwa tayari, alichotaka ni mtu mzima mmoja tu wa kumwambia ndiyo.

Nikasimama, nikajifunga kanga vizuri.

"Mzee," nikasema, "mimi sikusoma. Maneno ya vijana siyajui. Niliyoyasikia ndiyo niliyoyafikisha. Mimi nilitafsiri tu."

Nikatoka. Nyuma yangu nilisikia fimbo ya Mzee Masunga ikigonga sakafu ya baraza, anainuka.

Winnie aliozeshwa kwa mfugaji huko huko upande wa Kilangali. Siku za mnada hupita mbele ya mgahawa, hupiga goti kidogo, shikamoo mama, nami huitikia marahaba. Hakai kunywa chai. Thadeo alifunga chumba chake mvua za vuli, akarudi Morogoro na kompyuta zake zimefungwa kwenye blanketi, kama mume wangu alivyorudi kutoka kwenye mkonge. Ubao wake aliuacha mlangoni. Kondo aliniletea akidhani nitauchoma. Nimeuweka jikoni, nakatia vitunguu upande wenye maandishi, na bluu inaendelea kufutika.

Jina la Bi Sura limekufa. Wageni hawakurudi. Watu huniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kunichokoza, kama nimemsamehe Thadeo. Ninawajibu kwamba kipande kile cha kanga bado ninacho. Siku Nancy atakapoingia uani kwangu akazifunga nywele zake nyuma, waje waniulize tena.